Mwisho Aliojitungia Profesa

Walimwita Profesa, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumsahihisha mtu. Chuo kikuu alikikanyaga siku moja tu, alipokwenda kumpongeza shemeji yake kwenye mahafali. Lakini jina la utani likimkaa mtu vizuri kama koti la kupimwa, alivue kwa nini? Alifundisha fasihi ya Kiingereza katika shule ya sekondari ya kutwa, na kila mwaka alifundisha tamthilia ileile ya yule mtunzi mkongwe wa Uingereza ambaye wanafunzi hulazimishwa kumpenda. Ilikuwa habari ya mfalme mzee aliyewagawia ufalme binti zake wawili waliomsifu, akamfukuza wa tatu ambaye alimpenda kweli ila hakujua kupaka maneno mafuta.

Profesa aliisoma kwa sauti ya puani, mkono mmoja mgongoni, akisimama kila mstari wa nne kueleza neno gumu. Kilichomuudhi kuliko chochote ni filamu. Sinema, katuni, vipande vya kwenye simu, vyote kwake vilikuwa chakula kilichokwisha kutafunwa na mtu mwingine. Akimkamata mwanafunzi anatazama tamthilia hiyo kwenye simu, aliitaifisha simu na kumsimamisha mwenyewe mbele ya darasa, akimwita msomi wa macho.

Sasa, nakala aliyoifundishia ilikuwa na kasoro. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Aliipata hivyo akiwa chuo cha ualimu, akakusudia kutafuta nyingine nzima, kesho ikazaa kesho kutwa. Mwaka wake wa kwanza wa kazi akajikuta amefika ukingoni mwa karatasi, baba na binti ndiyo kwanza wamepatana, na darasa zima linamkodolea macho. Akamalizia mwenyewe. Akamrudisha mzee ikuluni, binti mdogo akashika hatamu, wale wakubwa wakaomba radhi. Mwaka wa pili akawaongezea machozi ya toba. Kufikia mwaka wa kumi alikuwa ameshasahau kwamba aliyatunga yeye. Uongo ukizeeka nao hudai heshima.

Nakala za shule zilikuwepo, nne kwa darasa la watu sitini, lakini hakuzigusa. Zilikuwa za wanafunzi, zimechorwachorwa. Na nani angemshuku? Matokeo ya mtihani wa taifa yalikuwa mazuri mwaka hadi mwaka, na kila mwaka alipokea pongezi kwa unyenyekevu wa mtu anayeona kapunjwa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na vyerehani viwili, kioo kirefu chenye ufa, na televisheni ndogo iliyokaa juu ya marobota ya vitambaa. Jumamosi saa tisa alasiri wateja walijaa, wenye nguo za kushona na wasio nazo, kutazama tamthilia mpya ya mzee mwenye kampuni ya mabasi na binti zake watatu. Mwanzoni mwa kila sehemu yalipita maandishi madogo yakisema hadithi imetokana na kazi ya yule mtunzi mkongwe. Hakuna aliyeyasoma. Wanawake wale walikuja kwa ajili ya mzee.

Jumamosi moja Profesa aliingia na suruali ya kupunguzwa, mvua ikamzuia kutoka. Haikupita robo saa akaitambua hadithi. Akacheka kwa sauti, akauliza tangu lini mfalme akasaini kadi za magari. Muuguzi mmoja, mteja wa siku nyingi, akamwomba apunguze sauti. Akapunguza. Mvua ilipokatika alikuwa bado amekaa.

Jumamosi iliyofuata alirudi, akisema anakusanya ushahidi wa uharibifu. Iliyofuata tena alileta suruali nyingine. Mwezi ulipokwisha hakuwa na suruali iliyobaki ya kupunguzwa, akawa anakuja mikono mitupu. Siku mzee wa mabasi alipozuiwa getini na mlinzi wa binti yake mwenyewe, akabaki kwenye mvua na koti lake la madoa, akiyatazama mabasi aliyoyanunua moja moja yakimpita na kumrushia maji, Profesa alijikuta akifuta macho kwa kiganja. Onyesho hilo alikuwa amelisoma darasani mara ishirini na sita, akihangaika na maneno magumu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mzee. Mkewe aliondoa mguu kwenye pedali, akamtazama. Profesa akasema ni vumbi la vitambaa.

Ikabaki sehemu moja. Wanawake walikuwa roho juu, maana binti mdogo alikuwa ametekwa na watu wa dada zake. Profesa akasimama.

"Msiwe na wasiwasi," aliwaambia. "Kitabu hiki nakijua kama kiganja changu. Binti anarudi, baba anarudi, na wale wawili wanapiga magoti."

Wakamwamini, si mwalimu? Muuguzi alisema wiki hiyo atalala. Mteja mwingine, muuza nyanya, aliisambaza habari soko zima.

Jumamosi ya mwisho mzee alitokea katikati ya yadi ya mabasi amembeba bintiye mikononi, na binti amekufa. Akamlaza chini, akamwita, akamwita tena, akaanguka pembeni yake, naye asiinuke. Wanawake walilia mpaka wakatosheka, kisha mmoja mmoja wakageuka.

"Mwalimu," muuguzi alisema taratibu, "ndiyo wamerudi hivyo?"

Profesa alitangaza kwamba kazi ya mtu imechinjwa. Akaandika barua ya kurasa nne kwa kituo cha televisheni, yenye maneno matatu ambayo hata kamusi ya nyumbani haikuwa nayo. Aliisoma katika ofisi ya walimu, wakampigia makofi. Mkuu wa shule akaigonga muhuri ili iwe na uzito.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa jina la mkuu wa shule. Lilikuwa na mistari miwili ya adabu, na nyuma yake kurasa kumi na moja, nakala ya mwisho wa tamthilia kama mtunzi mwenyewe alivyouandika. Mkuu alimkabidhi bahasha iliyokwisha funguliwa, akarudi kwenye mafaili yake. Angetukana ingekuwa nafuu.

Profesa alizisoma amesimama kando ya stoo ya madawati. Akazisoma tena. Kisha akaenda nyumbani, akaziweka mbele ya binti yake, aliyekuwa kidato cha nne katika darasa lake mwenyewe na wakati huo akimsaidia mama yake kukata nyuzi. Binti hakuzisoma hata mstari.

"Unajua?" baba akauliza.

"Tangu mwaka jana, baba. Wote tunajua. Tulitazama filamu."

"Mbona kwenye majaribio yangu mnaandika wanarudi ikuluni?"

Binti akakata uzi kwa meno. "Kwenye mtihani wako tunaandika mwisho wako. Kwenye mtihani wa taifa tunaandika mwisho wa mtunzi mwenyewe."

Akaeleza kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kila darasa linapoingia huambiwa na waliotangulia, pamoja na choo gani hakina komeo. Profesa akakaa juu ya robota. Zile pongezi zote, kumbe zilitoka kwenye simu alizokuwa akizitaifisha.

"Na hakuna hata mmoja aliyeniambia."

"Ukifika pale wanaporudi macho yako yanalowa," binti alisema. "Nani angethubutu?"

Usingizi wake wa siku zile haukuwa mzuri. Lakini aibu, kama homa, ina siku zake. Jumatatu moja alisimama mbele ya darasa akatangaza kwamba kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwapima wanafunzi aone nani atathubutu kumpinga mwalimu, na amesikitika kwamba hakupatikana hata mmoja. Watu sitini wakainamisha vichwa, wakaandika hivyo kwenye madaftari.

Shule nayo haikukosa la kufanya. Iliunda kamati ya kuingiza filamu katika ufundishaji wa fasihi, ikamfanya Profesa mwenyekiti. Barua ya uteuzi aliitia fremu. Kwenye semina za walimu sasa husimama, mkono mgongoni, akawaeleza kwa masikitiko walimu wa kizamani wanaodharau sinema.

Jumamosi yuko palepale, kwenye kigoda karibu na kopo la vifungo. Imeanza tamthilia nyingine ya mtunzi yuleyule, ya mwanajeshi anayelishwa wivu na rafiki yake hadi anaanza kumchunguza mkewe. Juzi muuza nyanya alimuuliza itaishaje. Profesa alifungua mdomo, akaufunga, akasema hajui. Mkewe, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona, alimwomba asogeze kichwa, watu wa nyuma hawaoni.