Baiskeli Mbili Mteremkoni

Mtaa mzima wa Kibomet ulimjua yule bodaboda wa baiskeli kwa ule mteremko. Kila jioni aliushuka, akaachilia usukani akasimama juu ya kiti, mashada ya nyuzi nyekundu aliyoyasuka mwenyewe yakipepea kwenye usukani, na mwenzake Naim nyuma, kwa baiskeli yake, akimwiga kwa madoido zaidi. Juzi Naim alianguka hapo hapo akafa, tukamzika. Jana yule bwana alishuka ameketi, mkono mmoja kwenye usukani wake, wa pili ukiongoza baiskeli ya marehemu, imeoshwa ikang'aa. Mama Kabura, muuza viazi, akamsimamisha.

“Si unibebee gunia na hiyo ingine, bana? Si iko bure?”

“Iko na mtu,” akajibu bila kugeuka.

Mbele barabara ilikuwa imechimbika. Baiskeli ya Naim akaikwepesha shimo. Yake akaiacha iingie.