Gofu la Wananchi wa Nyakisasa

Wenzangu mliokua enzi za malori ya wakimbizi, bila shaka mnalikumbuka lile vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye chungu cha maharage. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, nami nilisoma darasa la pili, magoti yakigonga dawati. Darasani waliniita "Bibi". Nyumbani, hata hivyo, hapakuwa na msomaji mwingine.

Jumatatu ya pili baada ya Pasaka (si Jumanne, kama alivyoshikilia marehemu mume wangu, ambaye wala hakuwapo), tangazo lilibandikwa kwenye uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe, ulioachwa ukawa wetu wa kuchezea rede. Baba akanisukuma mbele ya watu. Nikasoma kwa sauti: "Eneo hili litageuzwa kuwa gofu la wananchi wote."

Gofu tulilijua sote: nyumba iliyobaki kuta, paa limekwenda.

"Tuongezewe la nini?" akauliza Mama. "La shemeji halitoshi?"

"Mtoto amekosea," akasema jirani yetu muuza ndizi. "Anasoma kama achumaye kahawa gizani."

Baba akanitazama. "Kama umekosea, unarudi kwenye jembe. Shule si mahali pa kujifunzia uongo."

Jumatano akaja mtendaji wa kata, pamoja na Mzungu wa misaada aliyebeba fimbo. Baba hakungoja hata salamu ziishe.

"Mheshimiwa, pale pameandikwa nini?"

"Gofu, mzee wangu. Ni mchezo. Unapiga kipira kwa fimbo mpaka kiingie shimoni."

"Kisha?" akauliza Mama.

"Unakitoa, unakwenda shimo la pili."

"Hata fuko ana akili! Akishaingia shimoni, hutulia."

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa Baba. "Kwa hiyo binti yangu alisoma sawasawa?"

"Neno kwa neno."

"Umesikia, muuza ndizi? Neno kwa neno!"

Kesho yake Baba alinisindikiza shuleni, akimweleza kila tuliyekutana naye kwamba binti yake anaweza kusoma hata upuuzi. Mashimo tisa yalichimbwa kweli. Kabla bendera za kuonyesha mashimo hazijafika, kina mama walikwisha kuyapandia migomba.

Siku hizi tangazo humfikia kila kijana kwenye simu yake, ameinama peke yake. Akielewa vibaya, huelewa vibaya peke yake. Sisi tulikosea kijiji kizima, kwa sauti, mchana kweupe.