Jiwe la Kijani la Mama

Kazi yangu hapa Kasulu mjini ni kukata vito upya. Watu wananiletea mawe yaliyofifia, mengine yamekatwa ovyo, nami nayasaga kwenye mashine mpaka yarudishe mng'ao. Nina mdomo pia. Mteja akileta jiwe bovu namwambia hapohapo kwamba aliyelikata alitumia panga. Basi mama aliponipigia simu kutoka Kumsenga kwamba ana jiwe la kung'arisha, nilimjibu kwa mbwembwe kuwa amefika kwa fundi mwenyewe.

Jiwe nililijua. Baba aliliokota machimboni kabla sijazaliwa, akampa mama badala ya pete, na mama akavuka nalo kutoka Burundi likiwa limefungwa kwenye pindo la kitenge. Baba hakuvuka. Lilikuwa la kijani, kubwa kama ncha ya kidole gumba, limechakaa na lina nyufa. Mama ana presha ya macho, na hospitali walishamwambia kwamba nuru iliyopotea hairudi.

"Nataka nilione likiwaka," alisema, "haya macho hayajazima."

Huku kwetu watu hupaka mawe mawese ili nyufa zijifiche. Ndiyo maana kila mteja namuuliza kwanza jiwe lake limepakwa nini. Mama sikumuuliza. Nani anamhoji mama yake kama mteja? Alipolituma kwa basi, nikalipasha moto ili nilinatishe kwenye kijiti kwa lakiri, kama ninavyofanya kila siku, nikasikia ta. Likapasuka vipande vitatu, na chumba kikanuka mawese. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akilipaka, na mafuta yalichemka ndani ya nyufa.

Nilikaa nimeshika kichwa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu hayakungoja hata kuwa mtoto.

Kipande kimoja tu kilifaa. Nilikikata siku mbili, kila uso kwa pembe yake, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Kiliwaka kweli. Lakini kilibaki kama punje ya mtama.

Njia nzima kwenda Kumsenga nilipanga uongo, na nilipomwona amekaa mlangoni juani uongo wote ukanitoka. Nikamweleza kila kitu.

"Pole, mwana wanje, mwanangu. Nilipaswa kukwambia kwamba nalipaka."

Hakunikemea, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nikakitoa kile kipande, nikamwekea kiganjani taratibu. Akainamisha uso karibu kabisa na mkono, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia. Kiganja chake ni cha jembe, kigumu.

"Lile nilikuwa bado naliona rangi yake," akasema. Kisha akaninyooshea mkono uleule, umekunjuliwa, kipande kikiwaka katikati ya kiganja.

"Haya, nipe basi, mwana wanje. Mbona huniwekei?"