Jumamosi Mama Pua Aliposifia Uvundo

Kwanza ieleweke kwamba pua yenyewe haikuwa kubwa. Waliosikia sifa zake kabla ya kuiona walifika dukani wakitegemea kitu cha kutisha, kitu kama bomba la jiko, wakakuta kipua cha duara kimekaa usoni kama kifungo kilichoshonwa kwa haraka. Lakini kifungo hicho, jamani! Siku moja kilipitishwa juu ya glasi ya mvinyo mwekundu, na mwenye pua akasema zabibu zake zilichumwa upande wa mlima unaopata jua la jioni, tena mmoja wa wachumaji alikuwa ametoka kugombana na mkewe. Bosi wake akapiga simu hukohuko kunakotengenezwa kuuliza. Upande wa jua la jioni, wakasema, ni kweli. Kuhusu ugomvi, jamaa wa upande wa pili aliuliza ni nani aliyewaambia.

Basi ndiyo maana akaitwa Mama Pua, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye makaratasi.

Duka lilikuwa jembamba, limebanwa katikati ya duka la miwani na chumba cha kinyozi. Chupa zililala ubavu kwenye rafu hadi darini ili vizibo visikauke, na mbele ya sinki la nyuma palikuwa na meza. Kwenye sinki hilo ndipo Mama Pua alipoanzia, miaka kumi na tisa iliyopita, kazi yake kuosha glasi na kufagia. Shule hakuijua mlango wala dirisha. Alichofanya ni kunusa kila glasi kabla ya kuiosha, na glasi kwa glasi, akajua. Siku aliyomwambia baba yake bosi, marehemu sasa, kwamba chupa anayoisifia imeharibika, mzee yule alinusa, akakasirika, akanusa tena, akamvua aproni ya kuoshea kwa mikono yake mwenyewe.

Tangu hapo kazi yake ikawa kuwafundisha watu kununua. Raha iliyoje kumwona! Mteja akiingia na macho yametekwa na karatasi zenye dhahabu, Mama Pua humshika kiwiko na kumwambia kwamba mchumba haangaliwi gauni. Humketisha mezani, hutandika karatasi nyeupe, huinamisha glasi juu yake. Ukingo ukiwa wa zambarau kama jicho lililopigwa ngumi, mvinyo ni kijana, ana kelele. Ukingo ukielekea rangi ya matofali, huyo ametulia, ana ya kusimulia. Kisha huizungusha glasi na kunusa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mvinyo unakusalimia tu, mara ya pili ndipo unakwambia ukweli. Halafu kidogo mdomoni. Ulimi ukikauka kama umekunywa chai iliyosahauliwa na majani yake, huo ni ukakasi wa maganda ya zabibu, usiuogope, upe nyama yenye mafuta uone utakavyonyenyekea. Watu waliingia kununua chupa moja ya haraka wakatoka baada ya saa nzima na chupa tatu, wanatembea kama waliofunguliwa macho.

Sasa, mafua. Yalimpata ya siku tano tu, ya kawaida, ya kitambaa na chai ya limau. Siku ya sita yakaondoka, na hayakuondoka mikono mitupu.

Aliyegundua ni mumewe, fundi viatu, ambaye karakana yake ni baraza la nyumba yao. Mama Pua alikuwa jikoni anapiga pasi, hatua mbili kutoka kwenye sufuria ya maharage. Mume akaingia mbio na kiatu cha mtu mkononi, akaikuta sufuria imekuwa nyeusi ndani kama tundu la chimni na mkewe anakunja shati kwa utulivu.

"Mke wangu, unataka tufe?"

"Nilidhani ni mvuke," akasema.

Wakatazamana. Mume akaenda barazani, akarudi na kopo la gundi ya viatu, ile gundi inayomliza hata paka wa jirani, akalifungua chini ya kipua kile. Mama Pua akavuta pumzi. Akavuta tena. Mume akalifunika kopo taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Daktari akasema huenda pua itarudi na huenda isirudi, asubiri. Ikawa kila jioni anaketi kigodani barazani, amefumba macho, na mume anampitishia vitu: karafuu, kahawa, sabuni, ngozi mbichi. Kila jioni jibu lilikuwa moja: bado.

Mume alimshauri aseme dukani. Mama Pua akasema atasema kesho, na kesho ikasogea miezi mitatu. Angesemaje? Bila pua alikuwa mwanamke wa kuosha glasi, na kwenye sinki lile hakutaka kurudi. Zaidi ya hapo, bosi, ambaye hujaza maji kwenye glasi ya mvinyo mbele za watu bila aibu, alikuwa ameshaamua kwamba mwaka huu hatasikiliza wauzaji. Mwisho wa mwezi ingeletwa mivinyo kumi na miwili ya kuonja, na Mama Pua peke yake ndiye angechagua itakayouzwa mwaka mzima. Kwa hiyo alijikaza kisabuni. Chupa zote za rafuni alizijua kwa kichwa, akawa anawasimulia wateja harufu za kumbukumbu, na hakuna aliyeng'amua.

Ikafika Jumamosi.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Mama Pua hufungua chupa moja, hunusa kizibo, hueleza, ndipo huwamiminia waliokuwepo. Siku hiyo alikuwepo mwalimu mstaafu wa jiografia, na daftari lake, kwa maana yule huandika kila kitu. Alikuwepo daktari wa meno, mwanamke mpole anayeomba radhi hata kwa kiti akikigusa. Walikuwepo wengine wanne watano wa kawaida. Na chini ya sinki ilionekana nusu ya fundi bomba, miguu na kiuno, kichwa kikiwa ndani na bomba linalovuja.

Mama Pua akang'oa kizibo, akakinusa kwa muda mrefu kama desturi. Hakupata kitu. Lakini mvinyo huo aliujua. Akasema kuna plamu zilizoiva, pilipili manga kwa mbali, na mti wa pipa. Akamimina.

Mwalimu akanusa. Uso wake ukakunjamana, kisha ukajirekebisha. "Naam," akasema, akaandika. Daktari wa meno akanusa, akasita, akaomba radhi, akauliza kama kuna pia kitu kingine, kitu cha, asamehewe, cha chini chini.

Hapo ndipo Mama Pua alipojichimbia shimo. Alidhani mama wa watu ameshindwa kuzipata plamu na anaona haya, akataka kumsaidia.

"Hiyo ni harufu ya ghala la chini ya ardhi," akamwambia. "Wachache sana huipata."

Basi, nani atakubali kutokuwa miongoni mwa wachache? Glasi zikazunguka, pua zikazama, na kila mmoja akalipata ghala. Mmoja alipata hadi ngazi za kushukia. Mwalimu alilipata mara mbili. Kwa ukarimu wa kumchokoza, akamnyooshea glasi fundi bomba, ambaye alitoa kichwa, akafuta mkono kwenye suruali, akanusa.

"Mama, hiki kinanuka kitambaa cha deki. Kile cha kusahauliwa kwenye ndoo."

Walicheka hadi kinyozi akachungulia. Mwalimu akamwambia arudi kwa bomba lake, kila mtu na harufu alizozizoea. Fundi bomba akainua mabega, akarudi chini ya sinki.

Mama Pua peke yake hakucheka. Kitambaa cha deki! Miaka kumi na tisa aliijua harufu hiyo kuliko ya nyumba yake: kizibo kibovu. Hutokea chupa moja hapa, moja pale, ya jirani yake katika katoni ikawa nzima kabisa. Chupa za namna hiyo alikuwa akizimwaga sinkini kabla mteja hajaziona, na leo ameisifia moja mbele ya kadamnasi. Akafungua mdomo aseme. Mwalimu akawahi kuagiza chupa sita. Mdomo ukafungwa.

Alijifariji kwamba angalau wanazobeba kwenda nazo nyumbani ni nzima. Watakunywa mvinyo mzuri na yataisha.

Hayakuisha. Jumamosi iliyofuata walirudi wote, na nyuso za waliodhulumiwa. Mwalimu aliweka mezani chupa iliyofunguliwa, akafungua daftari, akasoma alichoandika wiki iliyopita, kisha akasema kwa huzuni kwamba huu waliopewa ni mzigo mwingine, hauna ghala. Daktari wa meno akaomba radhi na kusema amefungua mbili, ndani hakuna kitu ila plamu. Mwingine alikuwa amealika wakwe, amewaahidi ghala, ameaibika. Walichotaka ni kile cha Jumamosi, na walikuwa tayari kusubiri.

Bosi alisikia akafurahi kama aliyeokota pesa. Mvinyo wa kugombaniwa! Mama Pua akamvuta hadi kwenye sinki, akaushika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Bosi, mimi sinusi. Tangu yale mafua. Ile chupa ilikuwa mbovu, na hilo ghala nimelitunga."

Bosi akamtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashikilia rafu. "Mama, na wote wale wamelinusa?"

"Wote."

"Ghala la kutunga?"

"Nipime," akasema Mama Pua. "Nifunge macho, nipime."

Bosi aliupenda mchezo huo. Akatangaza, watu wakakusanyika, akamfunga macho kwa kitambaa cha kufutia glasi, akampa glasi mbili, moja kila mkono. Mama Pua akanusa ya kulia, akanusa ya kushoto. Moyo wake ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, maana hatimaye wataona.

"Sioni tofauti yoyote," akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

Papo hapo makofi. Bosi, kwa ujanja wake, alikuwa amemimina glasi zote mbili kutoka chupa moja.

Wakampigia vigelegele akiwa bado amefungwa macho. Bosi akawasimulia kwamba huyu mama anadai ati hanusi, na duka zima likaangua kicheko, mwalimu akafuta machozi na kuandika kwamba mabingwa wa kweli huwa wanyenyekevu. Mama Pua alirudia kusema ni kweli, hanusi, na kila aliporudia walicheka zaidi, hadi akaona afadhali anyamaze, akafungua kitambaa, akaanza kuosha glasi. Wakamnyang'anya hata hizo. Mikono kama ile haioshi glasi.

Siku ya kuchagua ikafika. Glasi kumi na mbili zikapangwa juu ya karatasi nyeupe, bosi akaketi ng'ambo ya meza na kalamu, akakumbusha kwamba lazima mmoja uwe na ghala. Macho Mama Pua alikuwa nayo, akaona huyu kijana, huyu ametulia. Ulimi alikuwa nao, akaujua ukakasi, akaujua uchachu. Lakini yote yaliyo nyuma ya hapo, plamu na pilipili na moshi na jua la jioni, yalikuwa ndani ya nyumba ambayo aliwahi kuishi na sasa anaizunguka nje akigusa kuta.

Bomba la sinki lilikuwa limeanza kuvuja upya, na fundi bomba alikuwa chini yake tena. Mama Pua akachukua glasi ya tano, akainama.

"Fundi, hebu nambie, huu unanuka nini?"

Fundi bomba akatoa kichwa, akanyoosha mkono.

"Muache huyo, mama," akasema bosi. "Huyo hana pua."

Fundi akairudisha glasi. Mama Pua akasimama nayo kidogo, akaiweka mahali pake. Kisha akataja ya tatu, ya tano, ya nane na ya kumi na moja, kwa nini hizo, hakujua, na bosi akaandika. Kuhusu ghala akasema liko kwenye ya nane. Bosi akainusa ile ya nane kwa macho yaliyofumbwa, akatikisa kichwa polepole kwa furaha, akasema analipata.

Jioni ile Mama Pua aliketi kigodani, akafumba macho. Mume akapitisha karafuu. Bado. Gundi. Bado. Halafu akapitisha kitu kidogo, kikavu, kikamgusa mdomo wa juu.

"Bado. Ni nini hicho?"

"Kizibo. Kilikuwa mfukoni mwa koti lako."

Mama Pua hakukumbuka kukitia humo. Akauliza kama kinanuka.

Mume akakisogeza puani mwake mwenyewe, akakunja uso. "Kitambaa cha deki," akasema. "Nikitupe?"

Mama Pua alinyoosha mkono, macho bado amefumba, akarudishiwa, akakiweka chini ya kile kifungo chake cha pua na kuvuta pumzi hadi mabega yakapanda. Mume akaacha kiatu alichokuwa akikigongea soli, akasubiri, nyundo mkononi.