Kanzu ya Tetroni Aliyoiunguza Barke

Anayesema Barke alibahatika na anyamaze. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta hapa Magongo, Changamwe, na nilikuwapo. Hakubahatika, alishikilia.

Mumewe alifariki mwaka wa themanini na tatu, akamwachia watoto wawili na cherehani ya miguu. Kwetu sisi wanawake tulishona kofia kwa mkono, ndani, na staha zetu. Cherehani ya barazani ilikuwa kazi ya wanaume. Barke akaitoa barazani. Shemeji yake Khatibu akaja amefura.

"Mwanamke kukaa nje kupima wanaume vifua? Haya, shona kanzu moja ya harusi tuione. Ikiharibika, cherehani naichukua."

Kanzu yenyewe ilikuwa ya Nassor, kijana wa kiwanda cha kusafisha mafuta hapa Changamwe, aliyekuwa aoe Ijumaa. Akaleta tetroni nyeupe. Miaka ile nani hakuitaka? Suruali tetroni, sare za shule tetroni, hata mapazia. Haikunjamani, na ukiifua asubuhi, adhuhuri waivaa.

Barke akaishona vizuri, wallahi. Kisha akafanya kama mamake alivyomfundisha kwa kanzu za pamba ya bafta: akaitia kanji ya kuikaza, akaijaza pasi makaa mpaka ikawaka, akaikandamiza kifuani. Kitambaa kikanywea, kikanata kwenye pasi kama ubani chetezoni. Alipoinua, kifua cha kanzu kilikuwa tundu.

Mimi nililia. Yeye akaniangalia tu. "Badala ya kunililia, niitie Nassor."

Nassor alipofika, Barke hakuficha kitu. Akamtandikia kanzu mbele yake. "Nimeiunguza, baba. Nitakushonea nyingine. Lakini niambie, wewe wa viwandani, hiki ni kitu gani?"

Kijana alikasirika, na haki yake. Akauzunguka ua kwanza ndipo akajibu. "Tetroni ni jina la biashara tu, mamangu. Wajapani waliziita hivyo nyuzi zao za poliesta, nasi huku tukakiita hivyo kila kitambaa kinachofanana nazo. Si pamba. Asili yake ni mafuta, kama haya tunayosafisha pale kiwandani."

"Kumbe nilikuwa napiga pasi mafuta," Barke akasema, na Nassor akashindwa kujizuia, akacheka.

Siku ile ile Barke akavua vipuli vyake vya dhahabu, akavuka kwenda mjini kuviuza, akarudi na tetroni mpya. Ile kanzu iliyoungua akaikata vipande, akavijaribu kimoja kimoja: makaa machache pasini, kisha kitambaa kibichi juu ya kipande, mpaka akajua moto unaofaa. Nilimwambia apumzike. Akanijibu nimletee maji.

Magongo haina siri. Alhamisi Khatibu akaja na mkokoteni na watu wa kuusukuma, akamkuta Nassor amesimama barazani ndani ya kanzu mpya. Akamsogelea, akapitisha vidole kifuani, kwapani, kwenye pindo, akitafuta kasoro. Hakuipata. Akamgeukia Barke hata hivyo.

"Kanzu nzuri, shemeji. Lakini ile ya kwanza uliiharibu, na tulikubaliana. Pakieni."

Nilidhani ataomba. Barke akaketi kwenye kiti cha cherehani, akaweka mguu juu ya pedali.

"Ulikubaliana na nafsi yako, shemeji. Cherehani hii ni ya watoto wa ndugu yako. Waite, wako uani, uwaambie wewe mwenyewe kwamba unaichukua."

Wenye mkokoteni wakamtazama Khatibu. Khatibu akautazama mlango wa ua, watoto wakisikika mle ndani wakigombania kitu. Mwishowe akakohoa, akawaambia wale watu warudi zao, naye akaondoka nyuma yao bila kuaga.

Barke akamgeukia Nassor. "Inua mkono, baba, nikuone kwapani hapakubani."