Jina Langu kwa Gundi

Kwa wauza vitabu wa barabarani katikati ya jiji, sinunui kitabu kabla ya kukivua kaki. Watoto wetu huvivalisha vitabu karatasi hiyo hadi hujui unauziwa nini. Kurasa nazo nazihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza muuzaji huwa anaongea. Siku hiyo nilivua kaki nikakuta hadithi yangu mwenyewe, niliyowaandikia wanafunzi wangu wa Riruta, imepigwa chapa upya. Hadithi yangu, jina la mhariri wa kampuni iliyoichapisha.

Nilikwenda hadi ofisini kwao, Spring Valley. Wakanieleza, kwa chai na biskuti, kwamba mtaala umebadilika na hilo ni toleo jipya. Nikawashtaki.

Mahakamani wakili wao alisema, uso mkavu, kwamba ile ni kazi mpya kabisa. Mbuzi wa hadithi yangu alikuwa amefanywa kondoo. Huo ndio upya wenyewe. Niliketi pale nimeuma meno, maana kila sentensi aliyoanza kuisoma ningeweza kuimalizia.

Wakati wa mapumziko alinifuata kwenye ngazi. Wako tayari kunilipa vizuri, akasema, mradi jina libaki lilivyo.

"Taja bei yako, mwalimu."

Mimi hubishania hata bei ya fungu la dania sokoni.

"Sijaja kuuza," nikamwambia. "Nimekuja kuchukua changu."

Jaji aliamua jina langu lirudi kwenye jalada la kila nakala. Nikashinda. Nao wakatii kwa namna yao: walitengeneza vibandiko vyenye jina langu, wakavigandisha juu ya jina la mhariri, vingine vimekaa upande.

Muhula uliofuata nilirudi kwa muuzaji yuleyule. Nakala za hadithi yangu alikuwa amezitupa pembeni, pamoja na vitabu bandia. Nikamuuliza kwa nini.

"Madam, hii jina imebandikwa juu. Kuna mtu ameiba kazi ya mwenyewe. Mzazi akiona hivyo anajua ni feki."

Nikamwambia jina hilo ni langu, nikamtolea kitambulisho. Akakisoma, akakitazama kibandiko, akakikwaruza kwa ukucha. Jina la mhariri likachungulia.

"Basi nikupunguzie," akasema, kwa huruma kabisa.

Nilizichukua zote kwa bei aliyotaja, bila kubishana, nikashika nazo njia ya kurudi mahakamani.