Pampu Aliyoirudisha Minza

Minza hakuwa mtu wa kelele. Tangu yeye na mumewe Masunga walipohamia Ufipa na ng'ombe wao, miaka kumi na minane sasa, majirani walimjua kwa mahindi yake na ukimya wake. Basi asubuhi ile walipomwona akifunga maksai kwenye mkokoteni huku akiwafokea, wakajua leo kuna jambo.

Mkokotenini alikuwa amelaza pampu ya mkono. Wanafunzi wa shule ya uhandisi ya chuo kikuu kilichoko nje ya mji waliifunga kisimani kwake mwezi Juni. Walikuja na bango, wakapiga picha, wakala ugali wa ulezi wakashiba. Minza akawaambia, "Wanangu, ikifika Septemba kisima hiki hutoa tope. Hiyo raba ya ndani haitahimili."

Mwalimu wao, Cleophas, akatabasamu. "Usijali, mama. Tumeshapiga hesabu."

Septemba tope likaila raba, pampu ikagoma. Na kisima walikuwa wamekifunika kwa zege, hata ndoo haipiti. Wiki sita Minza alibeba maji kichwani kutoka mtoni. Kila akipiga simu chuoni jibu ni lile lile: "Tunakuja, mama." Mwishowe akashika nyundo, akavunja zege, akaing'oa pampu.

Kwenye geti la chuo mlinzi alimzuia. "Shikamoo mama. Leo kuna wageni."

"Marahaba. Hata mimi ni mgeni."

Akampita, akaiburuta pampu hadi ukumbini. Mkuu wa shule, Dokta Polikarp, alikuwa akisoma dhamira na maadili ya shule: uadilifu, ubunifu, kuisikiliza jamii. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha kubwa, na ndani ya picha Minza mwenyewe, anacheka, maji yanamwagika.

"Mlimsikiliza nani?" alipaza sauti, akaibwaga pampu sakafuni. "Niliwaambia tope! Mkanizibia kisima, mkaja kunibandika ukutani!"

Cleophas akainuka. "Mama, mradi huu ulifaulu vizuri sana."

"Ulifaulia wapi? Kwangu ng'ombe wamekonda!"

Mwanafunzi mmoja wa kike, Edith, akasimama. "Mama anasema kweli. Alituambia nami nikiwepo, nikanyamaza."

Dokta Polikarp akakunja karatasi zake. "Mama, twende ofisini tuzungumze."

"Ofisini sina shida. Shida iko kisimani." Akatoka, pampu akaiacha pale pale.

Wiki iliyofuata Edith alikuja na mwenzake Calvin, bila bango wala kamera. Minza hakuwapikia. Aliwapa ndoo na kamba. "Choteni kwanza. Ng'ombe wakinywa wakatosheka, ndipo tuongee."

Walichota mpaka viganja vikachubuka, na maji yalikuja mazito kama uji. Edith akalisugua lile tope kati ya vidole vyake, kisha akatoa daftari.

Minza akasimama mbele yake, mikono kiunoni, hasira haijamtoka. Akaanza kueleza upya, na kila baada ya sentensi aliisubiri kalamu itulie ndipo aendelee.